Pole na kazi, nimeshapoa: tathmini ya huduma ya siku tatu kwa wanaosikiliza machungu ya wengine, Kigoma mjini

Mwezi Agosti mwaka jana nililipia kwa fedha zangu mwenyewe nafasi moja katika huduma ya nasaha ya siku tatu, iliyoandaliwa mahsusi kwa watu ambao kazi yao ya kila siku ni kupokea habari za maumivu ya wengine: maofisa ustawi wa jamii, wauguzi, wakalimani wa kambini, askari wa dawati la jinsia na watoto, na wengine wa namna hiyo. Huduma ilitolewa katika nyumba ya wageni iliyo upande wa Bangwe, mahali ambapo ukisimama barazani unaliona ziwa lote mpaka milima ya Kongo siku isiyo na ukungu. Ada ilikuwa shilingi 280,000, ndani yake mkiwa na malazi, chakula, na vikao vinne vya ufuatiliaji, kimoja kila mwezi. Sitaitaja huduma yenyewe kwa jina, kwa sababu pamoja na sifa ninazo lawama mbili kubwa, na watoaji wake ni wachache kiasi kwamba walio katika kazi hii hapa mkoani watawatambua bila msaada wangu.

Kabla ya kusema nilichokikuta, sina budi kueleza nilikwenda na mzigo gani, kwa kuwa tathmini ya huduma kama hii haiwezi kufanana na tathmini ya hoteli.

Mimi ni Muha wa Kasulu. Mwezi Mei mwaka 2015, makumi ya maelfu ya Warundi walipokuwa wamekwama kwenye ufuko mwembamba wa Kagunga, kati ya mlima na maji, na meli ya Liemba ikawa inakwenda na kurudi kuwachukua, nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na sina shughuli. Waliteremshwa Kigoma, wakapumzishwa katika uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, wengi wao wakiwa wamedhoofika kwa kipindupindu kilichokuwa kimezuka kule ufukweni, kisha wakapakiwa mabasi kwenda Nyarugusu, kambi ambayo ilikuwa imekwishawahifadhi Wakongo tangu mwaka 1996. Palihitajika watu wa kutafsiri, na kwa kuwa Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, mtu yeyote aliyelelewa kijijini kwetu angeweza kazi hiyo. Nikaambiwa nisimame karibu na meza, nisikilize, niseme kwa Kiswahili. Nilidhani ni kazi ya mdomo tu.

Kanuni ya ukalimani ni kwamba anayetafsiri huzungumza kwa nafsi ya kwanza. Mama akisema kwa lugha yake kwamba alimwona mumewe akiburutwa nje, mkalimani hasemi "anasema alimwona mume wake", bali husema "nilimwona mume wangu". Ni silabi moja tu, hiyo "ni", na hakuna aliyenionya juu yake. Mwaka ule nilitamka "mume wangu aliuawa" mara nyingi kabla sijaolewa, na "walinishika wanne" kabla sijajua hata namna ya kumwambia mama yangu kwamba nina mchumba. Na kwa Muha jambo hili lina ugumu wa ziada ambao sijauona ukielezwa popote: maneno hayo hayakuingia masikioni mwangu kama lugha ya kigeni inayohitaji kwanza kufikiriwa, yaliingia kwa lahaja ya bibi yangu, kwa maneno yaleyale aliyotumia kunibembeleza.

Baadaye nilisomea ustawi wa jamii na sasa ni ofisa kamili, mwenye meza yake na kabati lenye kufuli. Kilichonipeleka Bangwe hakikuwa tukio kubwa. Kuna mama mmoja, ambaye nimebadilisha mambo kadhaa ya habari yake ili asitambulike, aliyenieleza jinsi alivyovuka mto Malagarasi usiku akiwa amemziba mtoto mdomo kwa kiganja ili asilie, na jinsi alivyoogopa kuuondoa mkono ule walipofika ng'ambo. Mtoto alikuwa mzima, naye alikuwa amekaa hapohapo pembeni akichezea kizibo cha chupa wakati mama anasimulia, kwa hiyo habari hii iliisha vizuri kuliko nyingi nilizozisikia. Lakini tangu siku ile nilishindwa kumfuta mwanangu kamasi. Nikishika kitambaa na kukipeleka usoni pake, mkono ulikuwa unasimama hewani, na mtoto ananitazama. Mume wangu alikuwa akikichukua kitambaa kile mkononi mwangu bila kusema neno, na jambo hilo likaendelea kwa miezi mitatu kabla hatujalizungumza.

Tulikuwa washiriki 14. Kikao cha kwanza kilifunguliwa kwa njia iliyoniteka mara moja. Mwezeshaji mkuu, ambaye ni muuguzi wa afya ya akili mwenye umri wa shangazi zangu, alimsalimu kila mmoja kwa mkono na kusema, "Pole na kazi." Kila mmoja akajibu kama tunavyojibu wote: "Ahsante, nimeshapoa." Alipomaliza kuzunguka akakaa, akauliza ni nani kati yetu aliyekuwa amepoa kweli. Watu walicheka, kisha kicheko kikakatika katikati. Aliendelea kueleza kwamba lugha yetu inalo neno la kumpa aliyefiwa, aliyejikwaa, mgonjwa na hata anayetoka shambani, lakini jibu lake limekuwa la mazoea kiasi kwamba anayelitoa halisikii tena. Nimehudhuria semina nyingi ambazo hufunguliwa kwa mabango na kaulimbiu, na hakuna iliyowahi kufika mahali pale kwa dakika 5.

Somo la asubuhi lilikuwa la kutenganisha mambo ambayo sisi huyaita yote kwa jina moja la "stresi". Tulielezwa kwamba kuchakaa kwa kazi, yaani ile hali ambayo wengine huitafsiri "kuungua", tafsiri isiyonipendeza kwa sababu kwetu kinachoungua ni chakula kilichosahauliwa jikoni, hutokana na wingi wa kazi, mshahara mdogo, wakubwa wasiosikiliza, na inaweza kumpata karani wa benki sawasawa na muuguzi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, limeiweka kuwa ni hali itokanayo na mazingira ya kazi, wala si ugonjwa. Kiwewe cha kupokea ni kitu kingine. Hicho huja kwa kusikia, kinaweza kuja ghafla baada ya habari moja tu, na dalili zake hufanana na za yule aliyetendwa: picha zinazojirudia, kushtuka, usingizi wa mang'amung'amu, kukwepa mahali au kitu. Mwanasaikolojia Charles Figley, mwaka 1995, ndiye aliyeipa nguvu dhana hiyo kwa jina la uchovu wa huruma, akiieleza kuwa gharama ya kuwajali wengine. Kabla yake, mwaka 1990, Lisa McCann na Laurie Anne Pearlman walikuwa wamekwishaandika juu ya jambo la tatu, ambalo huenda polepole zaidi: jinsi miaka ya kusikiliza inavyobadilisha imani ya msikilizaji kuhusu dunia, kama ni salama, kama watu wanaaminika, kama yeye mwenyewe anao uwezo wowote juu ya lolote.

Hilo la tatu lilimfanya askari wa dawati aliyekaa kushoto kwangu aweke kalamu chini. Alisema yeye haoti ndoto mbaya wala hashtuki, ila amewakataza watoto wake wa kike kulala kwa ndugu yeyote, hata kwa babu yao mzazi, na hawezi kumweleza mumewe sababu, kwa kuwa hakuna sababu. Mwezeshaji hakumwambia kwamba amekosea wala kwamba yuko sahihi. Alimwuliza tu uamuzi ule aliufanya mwaka gani, na mwaka ule alikuwa amepokea kesi ngapi za watoto. Askari alifikiri, kisha akajibu kwamba ulikuwa mwaka wake wa kwanza dawatini.

Kuna jambo jingine lililosemwa asubuhi hiyo ambalo ningependa kila mwajiri alijue. Mwongozo wa Marekani wa kuyatambua magonjwa ya akili, katika toleo lake la 5 la mwaka 2013, umekubali wazi kwamba mtu anaweza kupata ugonjwa wa kiwewe kwa kukabiliwa mara kwa mara na undani wa matukio ya kutisha kwa sababu ya kazi yake, bila yeye mwenyewe kuguswa na tukio hata moja, na mifano inayotolewa humo ni waokoaji wanaokusanya mabaki ya miili na polisi wanaosikia tena na tena undani wa ukatili dhidi ya watoto. Kwa maneno mengine, anayesema "lakini wewe hukuwepo" anabishana na wataalamu. Mimi neno hilo nimeambiwa, na aliyeniambia alikuwa na wadhifa.

Baada ya chai tulijaza dodoso la maswali 30 lililotungwa na Beth Hudnall Stamm, ambalo hupatikana bila malipo na hupima mambo matatu kwa mwezi mmoja uliopita: ridhiko linalotokana na kusaidia, kuchakaa kwa kazi, na kiwewe cha kupokea. Kila sehemu ina maswali 10, na jumla ya 22 kushuka chini huhesabiwa kuwa ndogo, 42 kupanda juu huhesabiwa kuwa kubwa. Wawezeshaji walitukumbusha, na walifanya vyema, kwamba dodoso hili halimwambii mtu kama ni mgonjwa. Tafsiri yao ya Kiswahili, hata hivyo, inahitaji mkono wa mtu anayeijali lugha. Swali moja linauliza kama mtu anahisi yuko karibu na wenzake, wao wakaandika "ninahisi nimeunganishwa na wengine", na dereva wa gari la wagonjwa akauliza kwa sauti kama anaulizwa habari za umeme. Nilipata 43 katika kiwewe cha kupokea, na 44 katika ridhiko. Nilidhani nimejumlisha vibaya. Kumbe inawezekana, na si jambo la ajabu, mtu akaipenda kazi yake kwa moyo wote huku ikimla, na mwezeshaji alisema watu wa namna hiyo ndio wanaochelewa kuomba msaada, kwa sababu kila asubuhi wanaamka wakiwa na hamu ya kwenda.

Sasa lawama ya kwanza, nayo si ndogo. Usiku wa siku ya kwanza, baada ya chakula, mwezeshaji wa pili, kijana aliyeonekana kuwa na haraka ya kuona machozi, alitukalisha katika duara na kumtaka kila mmoja aeleze habari mbaya kuliko zote aliyowahi kuipokea kazini. Hakusema ni hiari. Tulikwenda kwa zamu, na mtu wa sita alipofika mwisho wa habari yake, muuguzi mmoja wa wodi ya wazazi alitoka nje akatapika. Mimi nilikwenda kulala nikiwa na mizigo mitano ambayo sikuwa nayo asubuhi. Sitayarudia yaliyosemwa, maana kuyarudia ndiko hasa ninakokulalamikia. Jambo linalonikera ni kwamba elimu juu ya hili ipo na ni ya muda mrefu. Vikao vya mkupuo mmoja vya kuwataka watu wasimulie yaliyowapata, vilivyoenea tangu miaka ya 1980 kwa waokoaji na wazimamoto, vimepimwa katika majaribio mbalimbali, na uchambuzi wa majaribio hayo umeonyesha kwamba havizuii ugonjwa wa kiwewe na huenda vikamdhuru mtu. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia ambao Shirika la Afya Duniani na washirika wake waliutoa mwaka 2011 unasema bayana kwamba mtu asilazimishwe kusimulia. Mtu anayetoza fedha kwa huduma hii anapaswa kuwa ameusoma.

Nilisimama barazani na yule askari mpaka saa sita usiku. Hakukuwa na mwezi, na wavuvi wa dagaa walikuwa wametawanya taa zao majini mpaka upeo wa macho, kama mji mwingine uliokuwa ukihamahama. Alisema neno moja tu, kwamba angekuwa na gari lake angeondoka. Asubuhi mwezeshaji mkuu, ambaye usiku ule hakuwepo, aliomba radhi mbele ya wote bila kujitetea, na kijana yule akaomba radhi pia. Naiandika radhi hiyo kwa haki, kama nilivyoliandika kosa.

Na pengine ni kwa sababu ya kosa lile somo la siku ya pili lilitukaa sana. Mwezeshaji mkuu alitupa mbinu ambayo mtaalamu wa Kanada, Françoise Mathieu, ameieneza kwa watu wa kazi zetu, lakini aliieleza kwa namna ambayo sidhani Kanada wanayo. Alisema, kila mtu hapa hupiga hodi kabla ya kuingia nyumba ya mwenzake, na asipokaribishwa baada ya mara ya tatu hugeuka akaenda zake, wala hakuna anayeona amedharauliwa. Habari nzito nayo ipigiwe hodi. Kabla ya kumwaga ulichokisikia kwa mfanyakazi mwenzako anayekula wali wake, kwanza tambua kwamba unataka kumwaga, kisha mpe taarifa kwamba ni habari ngumu, umwombe kama ana nafasi ya kuipokea sasa, na akikubali, mpe kiasi kinachotosha kupata msaada, usimpe picha zote. Kisha tukafanya mazoezi wawiliwawili. "Hodi, dada. Nina jambo la mtoto, ni zito. Una nafasi?" "Karibu kaka, ila nipe baada ya saa nane, sasa hivi nimejaa." Mwanzoni tulicheka kwa aibu, kama watoto wanaoigiza watu wazima. Kufikia jioni nilitambua kwamba kwa miaka yote sijawahi kumwambia mtu "nimejaa" akanielewa bila maelezo zaidi.

Ninakiri kwamba nimeitumia nyumbani. Mume wangu si mtu wa kazi hii, yeye ni fundi wa boti pale Kibirizi, na siku zote nilidhani ninamkinga kwa kunyamaza. Siku niliyorudi nilipiga hodi mezani kwangu mwenyewe. Alisema karibu. Nikamweleza habari ya kitambaa cha kamasi kwa sentensi tatu, bila mto, bila usiku, bila kiganja. Ilitosha.

Mshiriki ambaye sitamsahau ni mzee mmoja mhudumu wa chumba cha maiti, aliyelipiwa ada na binti yake. Sote tulimwamkia shikamoo na kumpa kiti cha mbele, lakini hakuna aliyetegemea kwamba angesema lolote kuhusu kusikiliza, kwa kuwa wateja wake hawasemi. Akasema watu hukosea hapo. Maiti hawamsumbui, wanaomsumbua ni wanaokuja kuwatambua. Yeye ndiye anayesimama mlangoni, ndiye anayefunua shuka mpaka kidevuni na si zaidi, na ndiye anayesikia sauti ya kwanza, ile inayotoka kabla ya kilio chenyewe, na kwa miaka yake yote kazini hajawahi kuketi kwenye kikao chochote cha watoa huduma, kwa sababu katika orodha za mafunzo hayumo: si daktari, si muuguzi, si ustawi. Alieleza kwamba baada ya kila sauti hiyo yeye huosha mikono, hata kama hakugusa kitu, kisha hutoka nje kwenye mwarobaini akahesabu majani ya tawi moja. Wawezeshaji walikuwa wametumia nusu ya asubuhi kutufundisha namna ya kuirudisha akili mahali mwili ulipo kwa kutaja vitu tunavyoviona na kuvigusa, na mzee huyu alikuwa amekwishaigundua peke yake chini ya mwarobaini.

Juu ya malazi sina mengi. Chumba kilikuwa safi, chandarua hakikuwa na tundu, maji ya moto yaliletwa kwa ndoo. Migebuka ilikaangwa vizuri na mboga iliungwa kwa mawese ya kweli, ila ukumbi wa baa ya jirani ulipiga muziki mpaka usiku mkubwa, na mtu aliyekuja kwa sababu hapati usingizi usiku hastahili kuwekwa karibu na baa.

Lawama yangu ya pili inahusu nusu ya pili ya siku ile ya pili, iliyotumika yote katika kile walichokiita kujitunza. Tulipumua kwa kuhesabu, tulinyoosha viungo ufukweni, tuliandika barua kwa nafsi zetu, tukashauriwa kunywa maji mengi, kufanya mazoezi na kuwa na muda wa kusali. Sina ugomvi na kupumua. Ninao ugomvi na hisia iliyojengeka taratibu mchana ule kwamba aliyeumia ameumia kwa kutojitunza. Binamu yangu ni mpiga picha za eksirei, naye huvaa kifuani kidude kidogo kinachopima mionzi inayompata kazini, na kidude hicho hupelekwa kwa Tume ya Nguvu za Atomiki kusomwa. Kipimo kikizidi, hakuna anayemwambia anywe maji; huulizwa mwajiri. Mimi siku moja nimewahi kuandika maelezo ya watu saba walionusurika ubakaji, mmoja baada ya mwingine, na jioni swali nililoulizwa lilikuwa moja, kama fomu zimekamilika. Tunajua kutokana na tafiti za kazi hizi kwamba wingi wa kesi za kiwewe anazopewa mtu mmoja, historia yake mwenyewe ya maumivu, na kukosa msimamizi wa kitaaluma wa kuzungumza naye, ni katika mambo yanayoongeza hatari. Kati ya hayo matatu, mawili yamo mikononi mwa ofisi.

Nilisema hivyo asubuhi ya siku ya tatu, kwa sauti iliyokuwa kali kuliko nilivyokusudia. Mwezeshaji mkuu alikubali, na nampa sifa kwamba aliifuta ratiba ubaoni akatuambia tuandike, kila mmoja kwa ajili ya kituo chake, mambo ambayo tungemwomba mwajiri ayabadilishe bila kuongeza fedha. Hapo chumba kilichangamka. Wakalimani waliomba dakika 10 kati ya shahidi mmoja na mwingine, na ruhusa ya kutumia nafsi ya tatu pale habari inapokuwa ya ukatili wa kingono, jambo ambalo wenye kanuni kali za ukalimani watalipinga na ambalo mimi ninaliunga mkono. Muuguzi wa wazazi aliomba asipangwe zamu mbili mfululizo baada ya kifo cha mzazi. Dereva aliomba aambiwe mgonjwa aliyemleta aliishia wapi, kwa sababu yeye huishia mlangoni na habari humwachia katikati.

Inafaa pia kueleza kwamba hatukuzungumza maumivu tu. Walitusimulia habari za wanasihi wa Colombia waliohojiwa juu ya kazi yao na watu walionusurika vurugu za kisiasa, ambao walisema kuwatazama wateja wao wakisimama tena kuliwapa na wao nguvu ya kusimama; matokeo hayo yaliandikwa mwaka 2007. Mkalimani mmoja wa Nyarugusu aliitikia kwa kichwa kwa muda mrefu, kisha akasema anamfahamu mama aliyefika 2015 akiwa hasemi kabisa, na ambaye sasa ana cherehani nne na anamdai yeye fedha za suruali.

Vikao vya ufuatiliaji ndivyo vilivyonifanya niitathmini huduma hii kwa wema kuliko siku tatu zenyewe zinavyostahili. Tulikutana mara nne Kigoma mjini, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, kwa muda wa saa mbili kila kikao, watu sita kwa kundi, bila mabango wala posho. Kila mtu huleta kesi moja, haisimulii, bali hueleza imemfanya nini na anahitaji nini. Katika kikao cha pili nilieleza habari ya kitambaa. Mzee wa chumba cha maiti aliuliza kama nimewahi kumpa mtoto kitambaa ajifute mwenyewe. Sikuwa nimewahi. Ana miaka minne na anajua. Nilipofika nyumbani nikampa, akajifuta vibaya mpaka shavuni, nami nikamalizia pale shavuni, kisha puani, na mkono haukusimama.

Kwa hiyo nani aende? Anayetafuta siku tatu za kupumzika afadhali apande boti akatembee Gombe. Aliyefikia hatua ya kutolala kabisa, kunywa pombe ili alale, au kutamani kufa, hii si huduma yake, aende kwanza hospitali kwenye kliniki ya afya ya akili, na asiwasikilize wanaosema kliniki ni njia ya kwenda Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Wanaofaa hasa ni wale walio kati, wanaoipenda kazi yao na wameanza kuona vitu vidogo vya nyumbani vikigeuka. Usiri ulitunzwa vizuri kadiri nilivyoona: hakuna picha zilizopigwa, orodha ya mahudhurio haikuwa na majina ya ofisi, na hati ya ushiriki hutolewa kwa anayeiomba tu. Ukienda, waambie mapema kwamba hutaki kikao cha usiku. Walipoanza awamu nyingine walikuwa wamekiondoa, kwa mujibu wa mwenzangu aliyehudhuria, lakini si vibaya kuuliza.

Ada ni tatizo. Kwa ofisa mwenye mshahara ni ngumu lakini inawezekana, kwa mkalimani anayelipwa kwa siku haiwezekani, na hapo ndipo mpango mzima unapopinda, kwa kuwa habari zote humpitia yeye kwanza kabla ya kunifikia mimi, nikiwa nimezipata zikiwa zimepoa kidogo. Kijana anayenitafsiria Kibembe na Kifuliru siku za Wakongo ana umri niliokuwa nao mimi mwaka 2015. Niliiandikia ofisi barua nikiomba alipiwe nafasi moja katika awamu ijayo, na nauli ya kutoka Makere, nikaambatisha ile karatasi tuliyoiandika asubuhi ya siku ya tatu. Hiyo barua ilipokelewa, ikagongwa muhuri, na sasa ni wiki ya tano. Malipo ya awali nimekwishayatoa mimi, na yeye amekwishaomba ruhusa ya siku tatu bila malipo.